Upindo wa Gauni la Bluu

Kila asubuhi Chiriku alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kisha akaokota pini kwa sumaku. Mama yake alikuwa fundi nguo, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka lake. Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake usiopoa. Binamu yake, aliyekuja kwao kwa likizo, aliitwa Kimya, na huna haja ya kuuliza kwa nini.

Siku ya Krismasi mjomba aliwapa wote wawili noti mpya. Kimya alimkabidhi mama mkubwa wake, yaani mama yake Chiriku, zake zote.

"Na wewe lete nikuwekee," mama alimwambia Chiriku. "Tutoe sadaka kwanza, tuweke akiba, zinazobaki ufurahie."

Chiriku alimtazama kwa jicho la pembeni. Za mwaka jana ziliwekwa, na mpaka leo zimewekwa!

"Nitazitunza mwenyewe, mama."

Mtoto wa fundi hakosi pa kuficha. Alichukua gauni lake la zamani la bluu kutoka ndani ya kapu la nguo za zamani, akafumua upindo, akapanga noti ndani, akashona na kulirudisha kapuni. Alipoinua macho, Kimya alikuwa amesimama mlangoni. Tangu hapo raha ikamwisha. Kimya akitoka nje, Chiriku alichungulia dirishani. Kimya akitabasamu, alijiuliza anachekelea nini.

Jumamosi, aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya, alikuta kapu tupu.

"Gauni langu la bluu liko wapi?"

"Nguo zilizowabana nimezitoa kanisani, wapewe wenye shida," mama alijibu. "Kimya ndiye aliyezipeleka."

"Kimya!" Chiriku alipiga kelele. "Amefumua upindo njiani! Aliniona nikishona hela zangu!"

"Mimi sijachukua kitu," Kimya alisema, machozi yakimlengalenga. Alileta begi lake mwenyewe, akalimwaga lote sakafuni. Hamkuwa na hata noti moja.

"Amezificha kwingine," Chiriku alinong'ona.

Kimya alianza kukunja nguo zake. "Mama mkubwa, naomba kesho unirudishe nyumbani."

Mama alimsihi, lakini Kimya alikuwa ameshafunga zipu.

Kesho yake baada ya ibada, kabla hawajaondoka kwenda kituo cha basi, mama mmoja muuza mkaa alibisha hodi. Mkononi alishika gauni la bluu.

"Fundi, asante kwa nguo. Jana kanisani waliniambia imetoka kwako. Binti yangu amerefuka, kwa hiyo nilitaka kushusha upindo. Nilipofumua nikakuta hizi." Aliweka noti mezani, zikiwa na matundu ya sindano. "Nguo nilipewa. Hela sikupewa."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimwendea Kimya, akashika mkanda wa begi lake.

"Nisamehe, binamu. Nimekuita mwizi bure. Usiondoke."

Kimya alimgeukia. "Ulinitazama vibaya siku zote hizi," alisema. "Iliniuma."

"Najua. Nimekosa."

Mama yake Chiriku alicheka kidogo na kutikisa kichwa. "Wewe mtoto! Umekataa kutoa kidogo, ukatoa zote pamoja na gauni." Kisha sauti yake ikawa nzito. "Sikiliza. Zawadi inatoka kwa Mungu kupitia mikono ya watu. Ukiipokea kwa shukrani, utatoa sehemu, utaweka sehemu, utatumia sehemu, na utalala usingizi. Ukiikumbatia kwa uchoyo, kila anayepita utamwona mwizi, hata ndugu yako. Huyu mama ana shida kuliko sisi, lakini moyo wake hauna kufuli."

Chiriku alizigawa noti: za sadaka, za akiba, na chache za kununulia vitafunwa vya watoto wote watatu: yeye, Kimya na binti wa muuza mkaa. Kisha akaliomba gauni.

"Nitashusha upindo mimi," alisema.

Kimya aliweka begi chini, akachukua uzi wa bluu kwenye cherehani, akamtungia sindano.