Maoni Juu ya Bomu

Gari la Probox lilikata kona ya Kapseret kwa magurudumu mawili.

Jelagat hakupunguza mwendo. Subaru Forester yake ilipenya kati ya boda boda mbili na ng'ombe mmoja aliyesimama katikati ya barabara kama mwenye shamba. Ng'ombe hakusogea. Jelagat ndiye aliyesogea.

Redio ya Motorola ikakoroma, ikimwita kwa jina lake la kazi. "Jembe, uko wapi?"

"Nyuma yake, Mkuu."

"Usimuue. Namtaka akiongea."

"Ataongea."

Probox iliingia shamba la mahindi, ikalaza mistari miwili, ikazima. Dereva alipofungua mlango alikutana na mdomo wa bastola ya Glock.

"Shuka, Brian. Taratibu."

Brian alikuwa dereva wa kukodiwa tu, na alitapika maneno yote bila kuguswa. Alimbeba mtu mmoja na begi jeusi kutoka mpakani. Mtu huyo alivaa helmeti ya boda boda safari nzima, hata maji alikunywa kwa mrija. Alimshusha kwenye ukumbi wa sinema nyuma ya soko.

"Alisema begi linaingia ndani. Alipokuwa akishuka ndipo akanitisha kwamba simu ya kulilipua iko mfukoni mwake. Aki madam, mimi nilidhani ni magendo ya kawaida!"

"Uso wake?"

"Sijauona."

"Jina?"

"Anajiita Fundi."

Fundi! Mtu ambaye Idara ya ujasusi ilikuwa imemsaka hadi ikachoka. Aliunda mabomu kwa niaba ya mabwana wa nje, na mabwana hao hawakujali nani anakufa. Walichotaka ni picha: mji unakimbia, mji unalia, dunia nzima inatazama kwenye simu.

Na ukumbi ule aliujua vizuri mno. Jumamosi hiyo mchana walikuwa wakionyesha *Moto Kiplombe*, filamu ya gaidi na bomu. Aliyeitengeneza ni Kipyego, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mpaka leo aliamini dada yake anauza bima.

Alimfunga Brian pingu kwenye usukani, akawaita polisi wa kituo cha karibu waje wamchukue, akawaarifu Mkuu na mwenzake aliyekuwa mjini, akakanyaga mafuta kuelekea Eldoret. Simu ikalia. Ni Wahome, mkuu wake, kutoka Nairobi.

"Kikosi cha mabomu kimekwama Timboroa. Ukungu, na lori limelala barabarani. Kifaa cha kuzima mtandao kiko nao."

"Mkuu, ndani kuna watu mia tatu."

"Sikiliza. Akiona watu wanakimbia, anabonyeza. Mtoe ndugu yako kimya kimya, na wewe utoke. Kikosi kitamaliza kazi. Hiyo ni amri."

"Sikusikii, Mkuu."

"Jembe!"

"Mtandao mbaya huku kwetu."

Akakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Mlangoni pa ukumbi alimkuta Gikonyo, mwenzake wa kazi, pande la mtu, amevaa fulana ya mkata tiketi iliyomkaba shingo.

"Umemwona?" Jelagat aliuliza.

"Nimwoneje? Nusu ya wanaume humu wana jaketi na mikono mfukoni. Ni Eldoret, dada. Ni baridi."

Jelagat akaingia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu filamu yenyewe, maana hakuna haja ya kufichana. Ilikuwa mbaya. Gaidi alivaa miwani ya jua usiku. Polisi mmoja alikufa mwanzoni, na katikati ya filamu akaonekana nyuma akila mahindi ya kuchoma. Bomu lenyewe lilikuwa na saa kubwa nyekundu kama ya stendi, likilia pii, pii, pii, huku shujaa amesimama kando yake akimweleza mpenzi wake habari za utoto wao. Watazamaji walikuwa wameshakata tamaa ya kunyamaza.

"Wee! Kata waya, wacha story!"

"Huyo polisi si alikufa?"

"Amefufuka. Alisikia harufu ya mahindi!"

Kipyego alikuwa kando ya projekta, macho mekundu, akiuma kucha. Jelagat alimshika bega.

"Kip, simamisha filamu."

"Hata wewe, dada? Hata wewe umechoka nayo?"

"Kuna bomu humu ndani."

"Najua. Mimi ndiye niliyeliandika."

Jelagat akafunua koti. Kipyego aliiona Glock, akamtazama dada yake usoni, akarudi kuitazama Glock. 

"Kumbe si bima," alisema.

"Si bima. Mwenye bomu ameketi katikati ya watu wako, pengine akingoja bomu lako lilipuke ndipo alipue lake, na sijui uso wake. Washa taa, shika maiki, omba maoni. Kila mtu aseme kibaya alichokiona. Nataka kuwasikia wakiongea, hasa kuhusu bomu."

"Watanitukana mbele ya mji mzima."

"Watakutukana sana."

Alidhani atakataa. Kijana ametumia ujana wake wote kwenye kitu hiki, na sasa anaambiwa aende mbele akichinje kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Kipyego alifuta macho kwa mkono wa shati, akazima projekta, akawasha taa, akapanda jukwaani. Jelagat alimpenda siku hiyo kuliko siku zote.

"Wapendwa watazamaji!" Aliishika maiki kwa mikono miwili. "Naona filamu imewachoma. Nataka kusikia. Hapa hapa, kabla hatujamaliza. Semeni bila huruma."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Jelagat akachukua maiki ya pili, akaanza kuipitisha kwenye viti.

Wa kwanza kuidaka ni Mama Kabura, mwenye duka la vitambaa, mama asiyejua kunong'ona.

"Mimi naanza na hii ukumbi yenu! Nimekuja mapema, nimelipa, nimesimama kama mlingoti. Kwa nini? Kiti cha mbele pale kimekaliwa na begi! Nimeuliza ni la nani, nikaambiwa na mtu huko nyuma gizani, wacha, mwenyewe anakuja. Mwenyewe ni nani, waziri?"

Watu wakapiga viti na mapaja kwa kucheka. Jelagat hakucheka. Begi jeusi, safu ya kwanza, karibu na jukwaa. Karibu na miguu ya Kipyego.

Kipyego naye aliliona. Hakusogea hata hatua moja.

"Asante, Mama," alisema. "Mwingine?"

Mzee Simeon, mwalimu mstaafu, akasimama na fimbo yake.

"Kijana, gari lako linatoka Kiplombe linaenda Kapseret. Mbona tunaliona Timboroa? Umelipeleka nusu ya njia ya Nakuru na nyumba iko hapa!"

"Alipotea, Mzee," mtu akadakia. "Ni ile miwani!"

"Sijamaliza. Kuna kingine, na hiki kimeniudhi." Sauti ya mzee ikawa nzito, na ukumbi ukatulia. "Bomu likianza kulia, umetuonyesha watu wa mji huu wanakimbia, wanakanyagana, wanaacha watoto. Nani alikuambia? Sisi hapa tunakimbia kwa medali. Hatukimbii kwa woga."

Makofi yakapigwa hadi madirisha yakatetemeka. Kipyego aliinamisha kichwa, akakubali. Kisha akatupa chambo alichokuwa ameagizwa.

"Na bomu lenyewe je? Bomu mnalionaje?"

"Bomu liko sawa!" watu wakajibu. "Bomu ndilo limeigiza vizuri kuliko wote!"

Nch!

Msonyo. Mrefu, wa mtu aliyekerwa kutoka moyoni. Ulitoka safu ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea.

Mwanamume wa makamo, jaketi la kahawia, uso wa mtu yeyote. Mkono wa kulia mfukoni.

Jelagat alimwendea akitabasamu, kama binti wa kupokea wageni. 

"Wewe hukubali, boss? Tuambie."

Alisita. Angeweza kunyamaza, na pengine leo tungekuwa tunasimulia mambo mengine kabisa. Lakini alikuwa ameketi pale akitazama kazi yake ikidhalilishwa, na sasa watu mia tatu wanasema ile takataka iko sawa! Kiburi kilimkaba. Akapokea maiki kwa mkono wa kushoto.

"Bomu hilo ni upuzi," alisema. "Saa kubwa ya nini? Taa za nini, ni harusi? Mtu wa kazi hatengenezi kitu cha kumwambia adui nimefika. Na huyo shujaa wenu anashika waya kama mtu anayevua kiatu cha gambuti."

Watu walicheka. Kicheko kilimwingia vizuri, akajinyoosha kitini.

"Kwani inashikwaje, boss?" Jelagat aliuliza. "Sisi huku hatujui."

"Inashikwa..." Akaitazama mikono yake. Mkono mmoja una maiki. Mwingine uko mfukoni.

"Onyesha!" Mama Kabura akapiga kelele.

"Onyesha! Onyesha! Onyesha!" ukumbi mzima ukaitikia.

Fundi akamrudishia Jelagat maiki. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni. Akainua vidole mbele ya macho yake, kwa upole, kama fundi saa.

"Hivi," alisema.

Jelagat alimpiga maiki kwenye kifundo cha mkono.

PUUU! Spika zote zikanguruma.

Fundi alirusha mkono kuelekea mfukoni. Goti la Jelagat lilikuwa limefika kabla yake. Kiti kikaanguka, wakaanguka nacho. Fundi akamng'ata begani; Jelagat akampa kichwa kimoja cha pua. Gikonyo aliruka safu mbili, akamlalia Fundi na uzito wake wote, akaichomoa ile simu kwa vidole viwili kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali.

"Ninayo!"

Watu walikuwa wamesimama. Mtoto mmoja alianza kulia. Mtu wa pembeni alishika mlango. Hapo ndipo mji ungevunjika, na Fundi aliyajua hayo. Akacheka na damu mdomoni.

"Waambie," alisema. "Waambie uone watakavyokimbia."

Jelagat alimtazama mdogo wake kule jukwaani. Kipyego aliinua maiki.

"Watu wangu. Mzee Simeon amesema jambo, na leo tutajua kama ni kweli. Begi hilo la mbele lina bomu. Si la filamu. Simu yake tumeikamata. Safu ya mwisho itoke kwanza. Kwa mguu. Maoni yanaendelea nje."

Aliyeshika mlango akaufungua wazi, akangoja.

Mzee Simeon akamshika mtoto aliyekuwa akilia kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono wa pili.

"Mmesikia. Safu ya mwisho."

Wakatoka. Walitoka wakitetemeka, wengine wakisali kwa sauti, lakini walitoka kwa mguu, safu kwa safu, na hakuna aliyekanyagwa. Mama Kabura alipita kando ya lile begi, akalitazama kwa chuki.

"Kumbe ndiye waziri," alisema, akaenda zake.

Kipyego alitoka wa mwisho. Fundi, pingu mikononi, alilazimishwa kusimama na kuona yote, na kicheko kilimwisha kabisa.

Kikosi cha mabomu kilifika jua likielekea kushuka, magari yamejaa tope la Timboroa. Wakaingia, wakafanya kazi yao, wakatoka na begi likiwa limekufa. Polisi wakawaambia watu waende nyumbani.

Hakuna aliyeenda.

"Tumelipa," alisema Mama Kabura. "Mimi sifukuzwi sinema na mtu mmoja mwenye jaketi."

"Kwani iliishaje?" mwingine akauliza. "Au polisi alikufa tena?"

Vijana wakatandaza shuka jeupe ubavuni mwa lori la mahindi. Projekta ikatolewa. Watu wakaketi kwenye magunia, wakaanza kuizomea filamu upya, kwa raha mpya.

Simu ya Jelagat ikalia.

"Ulivunja amri," alisema Wahome.

"Ndiyo, Mkuu."

"Hali ikoje? Watu wana hofu?"

"Wanalalamika, Mkuu."

Wahome akaguna. "Mlete huyo Fundi Nairobi. Tutaongea."

Jelagat alifuta damu ya paji la uso, akaenda kwenye Subaru. Fundi alikuwa kiti cha nyuma, Gikonyo kando yake. Nyuma yao saa nyekundu ilikuwa ikilia pii, pii kwenye shuka, na umati ukiangua kicheko.

"Dada!" Kipyego alimkimbilia, kisha akajikumbuka, akatembea. "Hujatoa maoni yako."

Jelagat aliwasha gari.

"Ile sehemu ya watu kukimbia," alisema. "Itoe. Hatuko hivyo."

Akaingiza gia, akaondoka.