Hema Lililopakwa Nta

Mwaka wa arubaini na tatu, vita vilipokuwa bado vinapiganwa, chumba cha kupanga Mombasa kilikuwa adimu. Meli zilikuja kwa wingi, na watu wa kazi wakaja kwa wingi zaidi. Baadhi ya wafanyakazi wa bohari walipewa mahema kwenye uwanja mmoja upande wa Makupa. Hema moja lilikuwa la Musyoka, mpakiaji mizigo, na mkewe Jael, na binti yao Eddah wa miaka minne.

Jael alitoka Machakos akiwa hajawahi kulala chini ya turubai. Mwezi wa kwanza aliona taabu, wa pili akazoea. Asubuhi alikwenda Marikiti na Eddah kununua mchicha na nazi. Jioni alipika nje, seredani yake ya mkaa ikiwa hatua chache kutoka mlangoni, huku akizungumza na Nasipwondi, jirani wa hema la pili. Mahema yao yalikaribiana mno hata kamba zake zilipishana.

Masika yalipoingia, hema likaanza kuvuja. Maji yalidondoka kwenye mshono wa paa, juu ya kitanda hasa. Mwenzake Musyoka kazini alimwambia dawa ni rahisi: yeyusha mishumaa, changanya na mafuta ya taa, upake turubai lote. Musyoka alipaka Jumapili nzima. Mvua iliyofuata haikuingia hata tone, naye akafurahi, akawaonyesha majirani.

Lakini mvua ilimzimia Jael moto wake nje. Basi akaiingiza seredani ndani, akaiweka kando ya ukuta. Ili upepo usisumbue, akafunga mlango kwa kamba, mafundo matatu. Ndani kukawa na joto zuri. Siku chache baadaye kichwa kikaanza kumuuma kila apikapo. Eddah naye alikuwa mzito, akilala mchana kupita desturi yake. Jael alidhani ni homa ya mvua, akachemsha mchaichai, wakanywa.

Alhamisi moja alasiri alikuwa anapika maharagwe. Eddah alikuwa amelala kitandani, upande wa nyuma. Upepo ulisukuma ukuta wa hema, ukagusa seredani. Jael hakuona moto ukianza. Alichoona ni mwali ambao tayari umefika juu, na matone ya nta yanayowaka yakidondoka. Alikimbilia mlangoni. Kamba ilikuwa imelowa na kuvimba, na mafundo hayakufunguka. Alivuta mpaka kucha zikauma, kisha akamrudia mtoto huku akiita watu.

Siku hiyo alikuwapo kambini Athmani, fundi wa mahema kutoka Kuze, aliyekuja kushona yaliyochanika. Alisikia sauti. Hakwenda mlangoni, alizunguka nyuma, akachomeka kisu chake kwenye turubai, akalipasua mpaka chini.

"Nipe mtoto," alisema. "Kisha nawe utambae."

Jael alimtoa Eddah, akatoka akitambaa. Aliposimama alikumbuka sanduku la nguo, akageuka. Athmani alimshika mkono asirudi. Wakati huo kamba za Nasipwondi zilikuwa zimeshika moto. Fundi akazikata na kuliangusha hema lile chini, wanawake wakalimwagia matope. Hema la Jael halikungoja mtu. Maharagwe yalikuwa hayajaiva, nalo limekwisha.

Mkono wa kushoto wa Jael uliunguzwa na nta. Mwanamke mmoja alileta unga wa kupaka. Athmani alikataa. Alitaka maji safi, wakaumiminia mkono kwa muda mrefu, mpaka maumivu yakapoa, ndipo wakampeleka kwa daktari.

Musyoka aliporudi kutoka kazini alikuta nguzo moja nyeusi. Alimbeba Eddah. Baadaye alisema, "Nta niliipaka mimi kwa mikono yangu."

"Na moto niliuingiza mimi," Jael akasema. "Mlango pia niliufunga mimi."

Athmani hakuwalaumu. Alichukua vipande viwili vya turubai, kimoja kikavu kisichopakwa kitu, kingine kilichosalia cha hema lao. Aliviweka juu ya jiwe, akaviwasha kwa kiberiti. Kisichopakwa kilishika polepole, akakizima kwa mguu. Kilichopakwa kilikwisha kabla hajainua mguu.

"Mshumaa una nta na utambi," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnalala ndani ya utambi."

Musyoka aliuliza wafanyeje na mvua. Fundi alieleza kwamba mshono unaovuja hushonwa mara mbili, kamba hukazwa, mfereji huchimbwa kuzunguka hema, na mvua ikinyesha mtu asiguse turubai kwa ndani, maana pale alipogusa ndipo maji yatakapopenya.

Kisha Jael akauliza, kwa haya kidogo, kama moshi waweza kumuumiza mtu kichwa. Athmani alimtazama, akauliza kilimuuma lini.

"Kila nikipika ndani. Na mtoto alikuwa akilala sana."

"Hiyo si homa, mwanangu. Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu. Huioni, wala haina harufu. Nawajua watu watatu walioingiza seredani hemani kuota moto. Asubuhi walikutwa wamekufa, na hema halikuungua hata uzi."

Jael alimvuta Eddah, akamlaza mapajani.

Walipewa hema jingine. Safari hii Musyoka hakungoja kuambiwa. Yeye na wenzake walimwendea msimamizi wa kambi mara tatu kuomba ruhusa ya kuyatenga mahema, na mara ya tatu akakubali. Waliyasogeza mpaka kati ya moja na jingine pakawa na hatua nane. Kwa mabati ya zamani walijenga banda la kupikia mbali na mahema, lisilo na kuta. Kila mlangoni likawekwa debe la mchanga na debe la maji. Koroboi zilizokuwa zikining'inia nguzoni zikaondolewa. Mwenye taa alitumia fanusi yenye kioo, akaisimamisha mahali pasipo na nguo, akaizima kabla ya kulala. Athmani aliwafundisha kufunga mlango kwa fundo la kuvuta, ambalo hata mtoto hulifungua kwa mkono mmoja.

Jael aliwafundisha watoto wote wa safu yao: ukiona moto, vuta kamba, toka, nenda bombani, usirudie kitu. Walifanya hivyo kila siku, wakacheka, wakashindana nani atafika kwanza.

Nasipwondi peke yake hakutaka banda. Alisema ni mbali, mtu hulowa, na kila mmoja huchungulia chungu cha mwenzake. Kwao moto ulikuwa ndani ya nyumba siku zote, na mama yake hakuungua.

"Nyumba ya mama yako ilikuwa ya udongo," Jael alimwambia, akaacha hapo.

Juma la pili la Juni, asubuhi, Nasipwondi aliteleka uji hemani akaenda kuteka maji nyuma ya bohari, maana bomba la karibu lilikuwa na foleni. Cheche ziliruka kwenye blanketi. Jael, aliyekuwa bandani, aliona moshi. Kabla hajafika, mlango ulifunguka, na watoto wawili wa Nasipwondi wakatoka mbio, mkubwa akimburura mdogo, wakaenda moja kwa moja bombani. Jael alichungulia ndani akahakikisha hamna mtu, akaita wenzake. Wakakata kamba, wakaliangusha hema, wakalimwagia mchanga. Nusu yake iliungua. Mahema ya jirani hayakuguswa.

Nasipwondi alikuja mbio akaitupa ndoo. Aliwashika watoto vichwani mmoja mmoja, kisha akawashika tena, kama asiyeamini hesabu.

Kesho yake mvua ilikuwa kubwa. Wanawake walikuwa bandani wakipuliza mkaa, nguo zao zimelowa mabegani. Nasipwondi akaja na chungu kichwani na seredani mkononi, akasimama ukingoni mwa bati.

"Nisogezee nafasi, Mama Eddah," alisema.

Jael akasogea.