Akaunti ya Mama Evaristo

Agnella ndiye aliyekuwa akifika ofisini kabla ya wenzake. Alifungua mlango, akafagia, akapanguza vumbi la pumba juu ya meza. Kisha alifanya ishara ya msalaba na kuwasha kompyuta. Kwenye kioo lilitokea jina moja tu: Agnella. Aliandika neno la siri, na kazi ikaanza.

Ofisi ile ilikuwa ya wakulima wa mpunga wa Idete wanaotumia mfereji mmoja. Agnella alikuwa karani wao. Ndani ya kompyuta kulikuwa na ratiba ya maji: nani anafunguliwa siku gani, na nani anamfuata. Kila Jumamosi ratiba ilichapishwa na kubandikwa mlangoni. Raimundi, bwana maji, aliisoma pale pale, akaenda kufungua na kufunga malango ya mfereji kama karatasi ilivyosema.

Kompyuta ilipoletwa, fundi aliyeileta alifungua akaunti moja. Akaipa jina la Agnella, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekaa karibu. Tangu siku hiyo wote waliingia humo. Rosemery, mweka hazina, aliingia humo. Mzee Kasmiri, mwenyekiti, aliingia humo. Hata Raimundi aliingia humo akitaka matokeo ya mpira. Neno la siri lilikuwa Evaristo, jina la mtoto wa kwanza wa Agnella. Hakuna asiyelijua. Kijiji kizima kilimwita Mama Evaristo.

"Sisi hapa ni ndugu," mzee Kasmiri alipenda kusema. "Mkianza kufichana mtaanza kuogopana."

Agnella aliona ni kweli. Pale ofisini mwenye msiba hadaiwi kazi. Wenzake hukaa kwenye kiti chake wakaimaliza. Mumewe alipofariki, ni hao hao waliomfanyia kazi zake mpaka matanga yakaisha. Angeanzaje kuwafungia?

Jumatatu moja asubuhi Makoye alisimama mlangoni. Miguu yake ilikuwa na tope lililokauka. Mkononi alishika miche ya mpunga, imegeuka njano.

"Mama Evaristo, jana ilikuwa zamu yangu," alisema. "Nimeshinda shambani nangoja maji. Hayakuja."

"Raimundi hakufungua?"

"Raimundi anafuata karatasi. Njoo uisome karatasi yako."

Agnella alitoka nje, akasoma. Mahali pa Makoye paliandikwa Sylvester. Alitafuta jina la Makoye juu mpaka chini. Halikuwepo.

Sylvester alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Hii nilichapisha tu Jumamosi kama nilivyoikuta," alisema. "Sikubadilisha kitu."

"Basi alibadilisha malaika," Makoye alijibu. "Shemeji yako majaruba ya mpunga yamejaa maji hadi vyura wanaimba. Mimi kitalu kinakufa. Sisi tuliotoka Usukumani tumezoea kuwekwa wa mwisho. Kufutwa kabisa, hilo ni jipya."

Kufikia mchana, wakulima wa mfereji wa chini, upande unaofikiwa na maji mwisho, walikuwa wamejaa uwanjani. Hawakupiga kelele. Walikaa kwenye msingi wa ofisi, majembe magotini, wakamtazama. Ukimya ule ulimtisha Agnella kuliko matusi.

Mzee Kasmiri aliingia ndani. Akafungua ratiba kwenye kompyuta, akaangalia ni nani aliyeibadilisha mara ya mwisho. Akasoma kwa sauti ili wa nje wasikie.

"Agnella. Ijumaa, saa sita mchana."

"Ijumaa nilikuwa Kivukoni, mwenyekiti. Kwenye misa ya kumbukumbu ya marehemu."

"Na Sylvester alikuwa wapi?"

"Kivukoni."

Watu walitazamana. Shahidi wake ndiye huyo huyo aliyepata maji.

"Mpeni Makoye maji kwanza," Agnella alisema. "Maneno yatafuata."

"Nikimfungia mwenye zamu ya leo bila kikao, watu wa mfereji wa juu nao watakuja na majembe," mzee Kasmiri alisema. "Kikao ni kesho asubuhi. Nitamwita fundi wa kompyuta kutoka Ifakara athibitishe. Ikiwa ni wewe, Mama Evaristo, utatoka ofisi hii. Na hutashika kazi ya umma tena hapa Idete."

Jioni ile Agnella aliacha chakula mezani. Alishika rozari, lakini mawazo yalikimbilia ofisini. Yeye hakubadilisha. Basi ni mmoja wa wale waliokaa kwenye kiti chake siku za msiba. Angemtaja nani? Akikosea, atakuwa amemfanyia mwenzake kile kile alichofanyiwa yeye.

Asubuhi fundi alishuka kwenye pikipiki, begi mgongoni. Aliitwa Evelina. Aliwaamkia wazee, akaketi mbele ya kompyuta. Ofisi ilijaa. Waliokosa nafasi walichungulia dirishani. Makoye alisimama karibu na mlango. Sylvester alikaa upande wa pili, ameinamisha kichwa.

"Akaunti iko wapi?" Evelina aliuliza.

"Ni hiyo moja," mzee Kasmiri alisema. "Tunaitumia wote."

"Na neno la siri?"

"Evaristo," walijibu watu watatu kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa dirishani.

Evelina aliacha kuandika. "Huyu mama mnamwitaje?"

"Mama Evaristo."

"Kwa hiyo kila anayemsalimia anataja neno la siri."

Kuna waliocheka. Agnella hakucheka.

"Fundi, tuambie tu," mzee Kasmiri alisema. "Ni yeye au si yeye?"

"Mzee wangu, siwezi kukuambia. Kompyuta haijui sura ya mtu. Inajua akaunti. Mwenye neno la siri akiingia, kwake huyo ni Agnella. Ungeingia wewe, ingeandika Agnella. Na tena akaunti hii ni ya msimamizi. Ndiyo yenye mamlaka yote. Inaweza kufuta, kubadilisha, hata kuweka programu mpya. Mlimpa kila mtu mamlaka ya juu, halafu mnataka kompyuta iwatofautishe."

"Ujanja tu huo wa kumwokoa," mtu alisema dirishani.

Mzee Kasmiri aligonga meza kwa vidole. "Mama Evaristo, simama. Neno lako la siri ulimpa nani?"

Agnella alisimama. Alikaza kitenge kiunoni.

"Nilimpa Rosemery," alisema. "Nilimpa Raimundi. Nilikupa na wewe, mwenyekiti. Nyote niliwapa. Aliyefanya simjui. Siwezi kusema uongo juu ya mtu ili niponee mimi. Mkinifukuza, Mungu anajua."

Mzee Kasmiri aliangalia vidole vyake.

"Mfukuzeni basi," Makoye alisema taratibu. "Lakini kitalu changu kinataka maji, hakitaki karani mpya."

Hapo Rosemery alifunika uso kwa mikono.

"Ni mimi," alisema.

"Sema usikike," mzee Kasmiri alimwambia.

"Ni mimi. Ijumaa Sylvester alinipigia simu akiwa Kivukoni. Alisema tuta limebomoka, maji yote yametoka, na yeye yuko kwenye misa. Nikamwonea huruma. Nilitaka kuwabadilishia zamu tu, yeye apite mbele, Makoye ashike zamu ya Sylvester ya Alhamisi. Nikaandika Sylvester juu ya jina la Makoye. Wakaingia watu wa mbolea, nikainuka kuwahudumia. Sikurudi kumwandika Makoye pale chini."

"Na jana ulikuwa wapi, dada?" Agnella aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa hapo nyuma yako. Niliona majembe, nikaogopa. Nisamehe, mama."

Sylvester alisimama. "Simu nilipiga mimi. Shemeji hakujua. Ilikuwa nimwambie, lakini nilijua atakataa."

"Ungejuaje kama ningekataa?" Agnella alimwuliza.

"Si ungekataa?"

"Ningekataa."

Makoye hakungoja zaidi. "Raimundi, umesikia? Twende lango kuu." Bwana maji alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, na wanaume wakatoka mbio kuelekea mfereji. Jioni ile maji yaliingia kwenye kitalu cha Makoye. Upande mmoja miche ilikuwa imeshakufa. Ule mwingine uliinuka.

Waliobaki ofisini walimzunguka fundi.

"Sasa tufanye nini?" Agnella aliuliza.

"Kila anayefanya kazi hapa apate akaunti yake, kwa jina lake, na neno lake la siri," Evelina alisema. "Lisiwe jina la mtoto wala la kijiji. Liwe refu, analolikumbuka yeye tu. Asimpe mtu, hata rafiki. Ukiinuka kwenye kiti, funga akaunti yako."

Mzee Kasmiri alikunja uso. "Hapo ndipo tutakapoanza kushukiana."

"Jana mlikuwa mnafanya nini, mzee?"

Mzee Kasmiri alivua kofia, akaiweka magotini.

"Lango kuu la mfereji, usukani wa kulifungua unashikwa na nani?" Evelina aliendelea.

"Raimundi peke yake."

"Mnamnyima mkulima usukani kwa sababu ni mwizi?"

"Hapana. Kila mtu akifungua kwa wakati wake, mfereji utapasuka."

"Basi na hapa hivyo hivyo. Rosemery atafungua na kuandika hesabu zake. Ratiba ya maji ataisoma tu, hataweza kuibadilisha. Ratiba itabadilishwa kwenye akaunti ya Agnella, baada ya kamati kukubali. Wewe, mwenyekiti, utasoma kila kitu. Akaunti ya msimamizi itabaki pembeni. Itafunguliwa tu tunapoweka programu au kumwongeza mtu. Hata Agnella hataifanyia kazi za kila siku, maana kosa la bahati mbaya mle ndani linaharibu vyote."

"Na mtu akifiwa?" Rosemery aliuliza. "Kazi yake nani ataifanya?"

Evelina alimgeukia. Swali lile lilikuwa zito pale Idete.

"Mtaifanya kama mlivyozoea. Ila hamtakaa ndani ya jina lake. Kamati itachagua mtu. Huyo mtu, kwenye akaunti yake mwenyewe, ataruhusiwa kubadilisha ratiba kwa siku hizo. Mwenye msiba akirudi, ruhusa inaondolewa. Na mtu akiacha kazi, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo."

Walikaa mpaka alasiri. Evelina alifuta lile neno la siri la zamani, akafungua akaunti mpya, moja baada ya moja. Kila mtu aliandika lake huku wengine wamegeukia ukutani. Raimundi aliandika, akasahau, akaandika tena. Neno la siri la msimamizi liliwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na bahasha ikafungiwa kabatini. Mwenyekiti na Agnella walitia sahihi juu yake, ili yeyote asiifungue peke yake. Ratiba iliandikwa upya, Makoye mahali pake.

Msimu ule uliendelea. Wiki moja jua lilikuwa kali, na mfereji ukapungua. Mzee Kasmiri alifika ofisini asubuhi, akajifungia na kompyuta. Baada ya muda akamwita Agnella.

"Mashine hii inanikatalia. Nataka kusogeza zamu yangu mbele kidogo. Mpunga unachanua."

"Akaunti yako inasoma tu, mwenyekiti."

"Najua. Fungua kwa yako basi. Dakika moja tu, nimalize."

Agnella alisimama pale pale. Mbele yake alikuwa mtu aliyempa kazi, na anayeweza kumwondoa. Alisema sala fupi ndani kwa ndani.

"Siwezi, mzee wangu. Kamati inakaa leo mchana. Omba huko. Wakikubali, nitaandika mimi, na itaonekana nimeandika mimi."

"Mama Evaristo, unanifungia mimi?"

"Sikufungii wewe. Ni jina langu hilo, nalilinda."

Mzee Kasmiri aliinuka kwenye kiti, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kuwatafuta wanakamati. Kamati ilikataa. Maji ya siku ile yalishuka mfereji wa chini, kwa mwenye zamu.