Moto Uliowahi

Mtaa wa vipuri ulikuwa umefurika, watu wanagongana mabega, redio za maduka zinashindana kelele. Fundi alikuwa ameinamia kisanduku cha vipuri vya pikipiki za zamani, ovaroli lake la buluu limejaa grisi magotini, kilemba chekundu kimefungwa kiume-kiume. Akaidaka platini ya mwisho iliyobaki, kile kidude cha kurushia cheche ya injini. Mkono mwingine ukaidaka upande wa pili.

"Niachie, kaka."

"Nimeiona mwanzo mimi, dada."

Akainua macho. Mbele yake kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, marashi yanaishinda harufu ya petroli ya duka zima.

"Unajua hata hiki ni kitu gani?"

"Sijui. Baba kaniandikia." Akamwonyesha kiganja chenye maandishi ya kalamu. "Ni ya pikipiki yake ya ujana. Wewe ya nini?"

"Mimi ndiye fundi wa pikipiki hizo, tena gereji yangu hapo mtaa wa pili."

"Basi yamekwisha. Chukua platini, chukua pikipiki, na mimi unichukue nikuonyeshe ilipo."

Alicheka bila kupenda. Huyo kijana alikuwa na duka la mapazia, na tangu siku hiyo hakumwita jina jingine ila Mapazia.

Pikipiki ilifika gereji imebebwa kwenye gari. Ndiyo mzee, baba yake Mapazia, aliyompakia marehemu mkewe siku ya harusi yao, na sasa alitaka kuipanda tena kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Fundi alipofungua injini alisonya. Aliyeifunga kabla yake alikuwa ameruka jino moja kwenye gia ya kamshafti, mhimili unaozifungua valvu, kwa hiyo valvu zilifunguka na kujifunga wakati si wake. Akaitoa, akaipanga upya mpaka alama ya gia ile ikatazamana na alama ya gia ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, jicho kwa jicho. Kisha akamwita Mapazia, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akijifanya anasoma gazeti.

"Njoo ufanye kazi, mtanashati. Shika hii karatasi ya sigara, ipitishe katikati ya platini. Mimi nazungusha injini polepole. Ikilegea, sema."

"Bado... bado... imelegea!"

"Hapo ndipo cheche inaporuka. Pistoni imebakiza kidogo tu ifike juu." Akakaza skrubu za kisahani kilichobeba platini.

"Na mimi moyo wangu umebakiza kidogo tu ufike juu."

"Utaungua, shauri yako."

Alipopiga kiki, injini ikaitikia mara moja, ikanguruma kwa utulivu. Mzee alipoletewa akabaki kulipapasa tangi.

Ndipo simu zikaanza. Kila mchana, Fundi akinawa mikono, simu inalia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeuza?"

"Nimeuza pazia moja, tena kwa mteja kipofu."

"Muongo wewe!"

Pikipiki nayo ikawa haikai nyumbani, kila mara imerudi gereji. Mara imekuwa nzito, mara inapiga mafataki. Mara ya pili Fundi alipofungua kifuniko, akakuta kisahani kimesogezwa na vichwa vya skrubu vimechubuliwa.

"Mapazia, nani kachokonoa hapa?"

"Panya, labda."

"Panya mwenye bisibisi?"

"Panya mwenye mapenzi. Bila hiyo ningekuja kwa kisingizio gani?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akamkamata mkono. "Mpenzi, cheza na vyote, hapa usirudie. Safari hii uliuchelewesha moto wa cheche, injini ikachoka tu. Ungeuwahisha, kiki ingerudi nyuma kama teke la punda. Inavunja mguu."

"Naapa, sirudii."

Ikapita wiki ambayo Fundi alielemewa na kazi, hata simu akawa hapokei. Asubuhi moja ikaita namba asiyoijua. Alikuwa dada mkubwa wa Mapazia, na sauti ilikuwa ya moto.

"Wewe ndiye unayejiita fundi? Baba yuko hospitali, mguu umevunjika! Kapiga kiki mara moja tu, pikipiki ikamrusha. Njoo ulitoe hili lipikipiki la kifo hapa uani!"

Alikwenda mbio. Pale uani, dada mtu amesimama mikono kiunoni, Fundi akafungua kifuniko. Kisahani kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, upande wa kuwahisha moto. Skrubu zilikuwa na michubuko mipya. Alitoka nje hadi barabarani akampigia Mapazia.

"Umeigusa?"

"Nini, mpenzi?"

"Nakuuliza, umeigusa?"

"Jana jioni. Nilikuwa nikuletee leo. Hukuwa unapokea simu, mpenzi... Sikujua mzee angeamka mapema akaipanda."

"Mwambie ukweli."

"Nitamwambia. Ngoja maumivu yapoe."

Hospitali, mguu wa mzee ulikuwa umening'inizwa, uso umesawijika. Alimwona Fundi mlangoni akamnyooshea mkono.

"Njoo, binti yangu. Usiogope. Kila fundi hukosea. Mimi nimekusamehe."

Dada mtu akabinua mdomo. Fundi alimgeukia Mapazia, aliyesimama dirishani na shati lake jeupe. Akamngoja. Mapazia akatazama viatu vyake.

"Asante, baba," akasema Fundi. "Pole sana." Akatoka, na machozi hayakumtoka mpaka alipofika getini.

Maneno yakasambaa mtaani. Wenye pikipiki za zamani wakazipitisha mbele ya gereji yake kuzipeleka kwingine. Mwezi ulipokwisha, Mapazia akaja na kisanduku kidogo cha pete.

"Nisamehe. Nataka nikuoe."

"Umemwambia baba yako?"

"Tukishaoana, mpenzi. Mambo yakitulia nitamweleza taratibu. Yule ni mzee, unajua..."

"Ulinitazama nikisamehewa, ukanyamaza."

"Niliogopa!"

"Najua. Ungeogopa tena, na mimi ningekuwa mkeo." Akakifunga kile kisanduku, akamrudishia. "Nenda, nina kazi."

Hakuwa na kazi. Alikaa juu ya tairi mpaka jua likahama mlangoni.

Siku nyingi baadaye mzee mwenyewe alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Binti yangu, kijana kaniambia yote leo. Nimeona haya. Mimi ndiye wa kukuomba msamaha, pamoja na nyumba yangu nzima. Rudi, mwanangu. Analia hapa."

Fundi akajifuta mkono mmoja kwenye ovaroli.

"Baba, nimefurahi kukusikia. Jumapili nitakuja kukujulia hali, nikuone ukitembea."

"Na yeye?"

"Mwambie Jumapili asiwepo."