Shaza na Simba wa Simu

Mahfoudha hakuwa mtu wa kukaa chini. Alfajiri alikanda unga. Asubuhi alifua na kufagia ua. Mchana alimenya viazi. Alasiri aliteleka karai jikoni, akakaanga viazi vya kuuza. Watu wa mtaa wao wa Junda, Kisauni, walipotoka kazini walisimama mlangoni kwake, kwa sababu ukwaju wake wa kuchovea viazi ulikuwa mtamu.

Mumewe, Awadh, alifanya kazi kwenye ghala moja Changamwe. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka minne. Jina lake Shaza. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza chekechea.

Shaza alikuwa mtoto wa maneno mengi. Aliuliza kwa nini kuku hana meno. Aliuliza jua hulala wapi. Lakini herufi zilimshinda. Ukimwonyesha herufi moja, alitazama pembeni, akauliza jambo jingine.

Awadh hakutulia. "Wenzake wanazijua," alisema. "Huyu wetu vipi?"

"Mtoto bado mdogo," Mahfoudha alimjibu. Lakini na yeye moyo haukuwa umetulia.

Siku moja Awadh alirudi na pakiti ya kadi. Kila kadi ilikuwa na herufi na picha ya mnyama.

"Nimepewa na Phineas, mwenzangu wa kazini," alisema. "Watoto wake wamekuwa wakubwa sasa. Lete simu yako, Mama Shaza. Kuna programu ya kutia humo."

Alipomaliza, aliweka kadi moja juu ya mkeka. Ilikuwa kadi ya herufi S.

"Shaza!"

"Abee, baba."

"Njoo uone maajabu."

Shaza alikuja mbio. Awadh alielekeza kamera ya simu kwenye kadi. Kwenye kioo cha simu ulionekana mkeka wao, na ncha ya mguu wa Shaza. Mara juu ya kadi akatokea simba. Alikuwa kama amesimama pale pale sebuleni. Alitikisa manyoya ya shingo. Alizunguka. Kisha akanguruma.

"Subhanallah!" Mahfoudha alisema.

Awadh alicheka. "Umemwona? S ni ya nini, mwanangu?"

 Shaza alikuwa amepanda juu ya kiti na kukunja miguu.

Adhana ikasikika. Awadh alizima simu, akakusanya kadi, akaenda msikitini. Mahfoudha alirudi jikoni. Hakuna aliyeona kwamba Shaza bado alikuwa juu ya kiti, akiutazama mkeka.

Kuanzia siku ile nyumba iliingia wahaka.

Shaza alikataa kukaa kwenye mkeka. Alikataa kwenda chooni peke yake. Mahfoudha akienda uani, Shaza yuko nyuma, ameshika leso ya mamake. Akienda kuanika nguo, yuko nyuma. Akisimama ghafla, mtoto anamgonga miguuni. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akaanza tena.

Na simu ikawa ugomvi. Shaza akiiona, aliinyakua. Aliifungua ile programu mwenyewe, akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili. Kisha alizunguka nayo nyumba nzima. Alichungulia chini ya kiti, nyuma ya mlango, nyuma ya mtungi wa maji. Ukimnyang'anya alilia mpaka sauti ikakauka.

"Mtoto amelewa simu," Mahfoudha alimwambia mumewe.

"Mwache. Anajifunza."

"Anajifunza nini? Leo nimemwonyesha herufi, hakunijibu hata moja. Wewe hushindi naye, Awadh. Mimi ndiye ninayevutwa leso kutwa."

 

Jumamosi moja Mahfoudha alikuwa na kazi nyingi. Jirani mmoja alikuwa ameagiza viazi vya shughuli. Mafuta yalikuwa yamechemka kwenye karai, jiko likiwa uani. Shaza alikuwa amemng'ang'ania, hamwachi.

"Mwanangu, hapa pana moto. Rudi ndani."

"Sitaki. Naogopa."

"Waogopa nini? Ndani hamna kitu."

Shaza alianza kulia. Mahfoudha alichoka. Aliichukua simu akampa. "Haya, shika. Nenda ukakae ndani."

Shaza alinyamaza mara moja. Aliingia ndani. Mahfoudha akavuta pumzi, akatia viazi kwenye mafuta.

Lakini Shaza hakukaa. Alizunguka sebule na simu usoni. Alitoka ukumbini. Alitokea uani, macho kwenye kioo, akitembea polepole kama mtu anayevizia. Mahfoudha alikuwa amempa mgongo. Alipogeuka, mtoto alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye jiko.

"Shaza!"

Mtoto alishtuka. Mguu wake uligonga jiko. Karai likainama. Mahfoudha alimsukuma mtoto kwa mkono mmoja, na mafuta ya moto yakamrukia mkono wa pili.

Ukelele wake ulisikika nyumba ya pili. Humo alikaa jirani yao Milcah, mwalimu wa chekechea. Alizaliwa Machakos, lakini alikuwa amekaa Kisauni miaka mingi. Alikuja mbio bila kupiga hodi.

Alimkuta Mahfoudha ameshika dawa ya meno, anataka kujipaka.

"Usipake hiyo!" Milcah alisema. "Dawa ya meno inazuia joto lisitoke. Njoo hapa bombani. Vua bangili kabla mkono haujavimba."

Alimwagia mkono maji baridi ya bomba. Mahfoudha alitaka kuutoa, Milcah akakataa. "Bado. Maji yaendelee mpaka kama dakika ishirini. Halafu twende zahanati wauangalie."

Shaza alikuwa amesimama ukutani. Mafuta hayakumgusa. Simu ilikuwa bado mikononi mwake.

Alasiri Awadh alirudi, akamkuta mkewe amefungwa bendeji. Alipoelezwa, rangi ilimbadilika.

"Ingekuwa uso wa mtoto!" Mahfoudha alisema. Machozi yalimtoka. "Ifute hiyo programu. Kadi zitupe. Sitaki kuziona humu ndani!"

"Basi naifuta," Awadh alisema kwa sauti ndogo. "Mimi nilitaka asome tu, wallahi."

Shaza aliposikia hivyo alipiga yowe. "Usiifute, baba! Usiifute!"

"Unaona?" Mahfoudha alisema. "Amelewa."

Milcah alikuwa bado yuko. Alikaa chini sakafuni, uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Shaza, mimi sitaifuta. Niambie. Ulikuwa unatafuta nini kwenye simu?"

Mtoto aliwatazama wazazi wake. Kisha akanong'ona, "Simba."

"Unampenda simba?"

Shaza alitikisa kichwa. Hapana.

"Sasa unamtafutia nini?"

"Baba alizima simu," Shaza alisema. "Lakini simba hakumtoa. Yumo humu ndani. Bila simu hatumwoni. Atakuja nyuma yetu."

 Awadh aliketi taratibu kwenye kiti. Mahfoudha aliweka mkono mzima kifuani. Siku zote hizo mtoto hakuwa anacheza. Alikuwa analinda zamu.

"Mwanangu," Mahfoudha alisema, "mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia naogopa."

Ndiyo. Alikuwa amemwambia.

"Kadi hizi si mbaya," Milcah aliwaambia. "Hata shuleni kwetu tunazo. Kamera inaonyesha mahali pa kweli, halafu programu inaongeza picha juu yake. Wataalamu wanaita uhalisia ulioongezwa. Mtoto akiona herufi na mnyama anayetembea, anavutiwa. Lakini mtoto wa miaka minne bado anajifunza kutenganisha kilicho kweli na kilicho picha. Yeye ameona mkeka wake wa kweli, na juu yake simba. Kwa nini asiamini?"

"Watoto wa Phineas, aliyenipa kadi, walicheka tu," Awadh alisema.

"Pengine walikuwa wakubwa kuliko huyu. Na Phineas alikaa nao?"

Awadh aliinamisha macho. "Alisema alikaa nao. Mimi nilikwenda zangu kusali, sikurudia tena."

"Basi tuifute tu, yaishe," Mahfoudha alisema.

"Ukiifuta leo, simba atabaki kichwani mwake," Milcah alijibu. "Kwanza tumwonyeshe simba anatoka wapi. Shaza, ukae kwa mama. Hatutaanza mpaka wewe useme tuanze."

Shaza alikaa mapajani mwa mamake, upande wa mkono usiouma. Aliikamata leso ya mamake. Hatimaye akasema, "Anza."

Milcah aliweka kadi chini, picha ikiwa imelala kifudifudi. Alielekeza simu.

"Unaona nini?"

"Mkeka."

"Simba yuko?"

"Hayuko."

Milcah aligeuza kadi. Simba akatokea. Shaza alijibanza kwa mamake.

"Mama Shaza, izibe kadi kwa kiganja."

Mahfoudha alinyoosha mkono akaifunika kadi. Simba akatoweka.

"Ameenda wapi?" Shaza aliuliza.

"Hajaenda popote. Simu ikiiona kadi, inachora simba. Isipoiona, haichori. Simba hajawahi kuwa kwenye mkeka. Yuko kwenye kioo cha simu tu."

Shaza alinyoosha kidole kimoja, akakirudisha. Akanyoosha tena. Aliziba kadi. Akaiachia. Akaziba. Akaiachia. Kila mara simba alitoweka na kurudi, na kila mara mabega ya mtoto yalishuka kidogo.

Kisha alifanya jambo ambalo hata Milcah hakulitarajia. Alivua kandambili yake, akaiweka mbele ya simba.

"Simba, vaa kiatu!" aliamuru.

Simba alinguruma. Kandambili haikusogea.

"Hawezi," Shaza alisema.

"Kwa nini hawezi?" babake aliuliza.

"Ni picha, baba!" Akacheka. Wazazi wake walikuwa hawajasikia kicheko kile tangu kadi ziingie nyumbani.

Milcah alirudisha kandambili mguuni kwa mtoto. "Sasa sikieni," aliwaambia wazazi. "Asiachiwe peke yake. Mmoja wenu akae naye, wote mkiwa mmeketi. Simu hii si ya kutembea nayo. Mtu akiangalia kioo haoni jiko, haoni ngazi, haoni ndoo ya maji. Na mcheze kidogo tu. Akianza kuchoka, kabla hajalia, mnaacha."

"Na herufi?" Awadh aliuliza. "Hizo atazijua lini?"

"Simu peke yake haitamfundisha. Mwulizeni. Huyu ni nani? Jina lake laanza na sauti gani? Nini kingine kina sauti hiyo? Halafu zimeni simu, afanye kwa mikono. Achore mchangani. Afinyange. Nyumba hii haina unga?"

Mahfoudha alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Unga umejaa tele."

Mambo hayakunyooka mara moja. Kesho yake Shaza bado alichungulia nyuma ya mtungi. Usiku bado aliita. Lakini akiingiwa na hofu, mamake hakusema tena, "Hamna kitu." Alimwuliza, "Waogopa nini?" na akamsikiliza mpaka mwisho.

Simba walimweka kando. Walianza na kuku, mbuzi na paka, wanyama ambao Shaza aliwajua. Awadh alipotoka kazini aliketi mkekani na binti yake kabla ya Magharibi. Mwanzoni alikuwa na haraka. Aliuliza swali akalijibu mwenyewe. Shaza alimwambia, "Baba, nyamaza. Ni zamu yangu." Awadh akanyamaza, akajifunza kungoja.

Simu ikizimwa, Mahfoudha alimpa Shaza donge la unga. Mkono wake wa bendeji haukuweza kukanda vizuri, kwa hiyo mtoto alimsaidia. Walifinyanga K ya kuku. M ya mbuzi iliwashinda, ikawa kama milima miwili imelala. Siku moja, bila kuambiwa, Shaza alifinyanga kinyoka kirefu, akakipinda huku na huku.

"Hii S," alisema. "Ya Shaza. Na ya yule simba wa picha."

Akaketi mkekani na kuendelea kufinyanga.

Jeraha la Mahfoudha lilipona, likaacha alama ndogo. Jiko alilihamishia kwenye kona ya ua, akaweka ubao wa kuzuia watoto wasipite. Kitanda cha Shaza kikawa kikavu asubuhi.

Siku moja baada ya mvua walikuwa kwenye kadi ya B. Bata alitembea juu ya mkeka, akitingisha mkia. Shaza alimtazama kwa muda.

"Mama, bata ananuka vipi?"

"Simu haina harufu, mwanangu."

"Basi mimi nataka bata mwenye harufu."

Mahfoudha alikuwa na viazi vya kumenya. Alivitazama. Kisha alifunga simu kabatini, akamshika mtoto mkono. Walikwenda nyumba ya tatu, kwa Mzee Kitsao, aliyefuga mabata nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, babu," Shaza alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Leo umekuja kuniibia mabata?"

"Nimekuja kuwanusa."

Mzee Kitsao alicheka mpaka akakohoa. Alifungua kijilango. Mabata walitoka kwa kelele, wakaingia kwenye matope. Shaza aliinama, akanusa, akakunja uso. "Wananuka!" alipiga kelele kwa furaha. Bata mmoja alivuta pindo la gauni lake. Shaza naye akavuta. Bata akavuta zaidi. Mtoto aliketi kwenye tope, pu!

Mahfoudha alipiga hatua, kisha akasimama. Mtoto alikuwa anacheka.

Shaza aliokota kijiti. Alichora mstari mmoja kwenye tope, halafu matumbo mawili.

"Babu, hii ni B," alisema. "Ni ya huyu bata."

Mzee Kitsao alikuja akaitazama vizuri, mikono nyuma ya mgongo.

"Naam, ni B kweli," alisema. "Sasa mwandikie na huyu mwenzake, asije akaona wivu."

Shaza alipangusa tope usoni, akainama, akaandika tena.