Vidonge kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi mama, fundi cherehani, aliondoa mguu kwenye pedeli akampa binti yake kidonge na kikombe cha maji. Binti alikunywa maji tu. Kidonge kilijibanza chini ya ulimi mpaka mama ainamie kazi, kisha kikaishia kwenye kopo la vifungo vya mashati.

Shuleni walikuwa wamempachika jina: Bibi Presha. "Shikamoo bibi, mkongojo uko wapi?" Alikuwa na miaka kumi na miwili, na presha, walisema, ni ya wazee. Basi akaona asipomeza, si mgonjwa. Hesabu ya kitoto hiyo, ingawa hata watu wazima huipiga.

Siku ya kliniki daktari alimfunga kipimo mkononi, kikabana, kikabana. Akatazama namba, akapima tena, akakunja uso. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo la kushoto umekuwa mwembamba, alikumbusha. Figo likipata damu kidogo hudhani mwili mzima umepungukiwa, likaipandisha presha. Vidonge vilikuwa vya kuishusha mpaka siku ya kuupanua mshipa. Kwa namba hizi, siku hiyo inaahirishwa, na dawa inaongezwa mara mbili.

Akamuuliza mama kama huwa anasahau. Mama akaapa kwamba humnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akasema wazazi wote husema hivyo. Mama akainama kama mwizi.

Binti alitamani kukimbia, lakini mkono ulikuwa bado umefungwa, na mlangoni amekaa mama. Akinyamaza, mama atabeba lawama. Akisema, mama atajua.

"Mama hana kosa," akasema. "Vidonge vimo kwenye kopo la vifungo."

Mama akainua kichwa. "Ndiyo maana juzi nilishika kifungo kisicho na matundu."

Daktari akaifuta dawa aliyokwisha kuiandika. Alisema dozi ile ingeweza kuiporomosha presha ghafla, mtoto akaanguka.

Binti sasa alimeza kweli, presha ikatulia, na baada ya miezi miwili mshipa ukapanuliwa. Wale wa shikamoo sasa aliwajibu, "Marahaba, wajukuu zangu," mpaka wakachoka wenyewe.

Kidonge kilibaki nusu tu kwa siku. Asubuhi moja mama alikishika kiganjani.

"Mwanangu, fundi hukata kitambaa kwa kipimo alicholetewa. Mletee cha uongo, ataharibu nguo hata awe bingwa. Daktari naye ni fundi, na kitambaa chake ni wewe."

Binti akameza, kisha akanyanyua ulimi bila kuambiwa.