Mwanamke Aliyemsikiliza Mume Wangu

"Njoo saa nane. Uje peke yako, kama kawaida."

Meseji ile niliisoma mara tatu, mume wangu yuko bafuni. Namba kaihifadhi "Wakili". Wakili gani wa kuita waume za watu peke yao? Roho iliniuma. Saa nane nikafunika cherehani yangu, nikamfuata nyuma nyuma mpaka ofisini kwa huyo wakili.

Niliingia bila hodi. Mwanamke mzuri, nisiseme uongo, mzuri kweli. Mume wangu kakaa mbele yake, macho mekundu, kitambaa cha machozi mkononi.

"Kumbe ndiyo hapa."

"Dada, kaa kwanza," wakili alisema.

"Sikai. Huyu kwangu hata kuguna haguni, kwako anakuja kulia?"

Mume wangu akainuka.

"Namlilia mdogo wangu. Ningekulilia wewe vipi, na wewe ndiye uliyemfunga?"

Miaka mitatu nyuma duka lilivunjwa, mlinzi akaumizwa, mwizi akaacha shati. Mahakamani nilionyeshwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nikajua kitambaa, nikajua mshono wangu, nikasema, "Hili nilimshonea shemeji." Akapigwa miaka kumi na tano. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatajwi.

"Naandaa rufaa ya mdogo wake, mimi ndiye niliyemwambia aje peke yake," wakili alisema. "Wewe ulikuwa shahidi wa upande wa pili."

Nilitaka kumchamba, lakini jicho likaangukia picha mezani. Shati lilelile, limetandazwa, na futi ya kupimia pembeni yake.

"Hili si la shemeji."

"Usianze," mume wangu alisema.

"Mikono yote iko sawa. Shemeji alivunjika mkono wa kushoto utotoni, ukabaki mfupi. Upande huo huwa napunguza inchi mbili. Kitambaa kile kilitoa mashati mawili, la pili ni la mteja mwingine. Daftari langu la vipimo lipo."

Wakili akaweka kalamu chini.

"Miaka mitatu, mke wangu. Kwa nini hukusema?"

"Sikuomba likunjuliwe. Na wewe hukuniuliza, ukaja kumuuliza huyu."

Siku ya rufaa nilisimama tena mbele ya mahakama.

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulidanganya?" aliuliza wakili wa serikali.

"Nilikosea. Nilitambua kitambaa, nikafunga mtu."

Shati likapimwa mbele ya majaji, daftari likasomwa. Wiki mbili baadaye walimwachia shemeji.

Alitoka amekonda, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, sijasahau. Ila nimechoka kukasirika. Twendeni nyumbani."

Wakili alikuwa anatusubiri nje, anatabasamu, mikono wazi. Nikakaza macho kwa mume wangu. Alimpita, akaja akaweka uso begani kwangu, akalia kwa sauti mbele za watu.

Nilimwacha alie. Miaka mitatu alinificha machozi haya, mpaka nikamwonea wivu mwanamke mwingine aliyeyaona.